Maswali ya Wasomaji: Mashine ya Kuosha Vyombo ya Droo

Barua za safari hii zinahusu kifaa kimoja: mashine ya kuosha vyombo inayovutwa kama droo, ile ambayo kampuni ya Fisher & Paykel ya New Zealand iliiingiza sokoni mwaka 1997 kwa jina la DishDrawer. Nyingine zina droo moja, nyingine mbili zilizopandana, kila moja ikiosha kivyake. Salamu tumezipokea zote. Tumezipunguza hapa ili nafasi itoshe majibu.

Nina nyumba ndogo ya wageni. Sahani zilizoliwa ugali wa muhogo zinatoka na ukoko mweupe pembezoni, na mabakuli ya mchuzi wa nazi yanabaki na utelezi. Fundi aliyeifunga anasema mashine ni nzima. Nifanyeje?
*Mama wa Shangani, Mtwara*

Mama, fundi wako huenda anasema kweli. Dalili hizo mbili mara nyingi hutokana na upangaji wa vyombo na programu inayochaguliwa, siyo ubovu.

Droo ina mkono mmoja tu wa kurushia maji, nao uko chini. Mashine kubwa za mlango huwa na mikono miwili au mitatu, kwa hiyo chombo kikikosa maji ya chini hupata ya juu. Kwenye droo hakuna msaada huo. Maji yanapanda, yanapiga, yanarudi. Sahani iliyofunikwa na bakuli imekaa kivulini, na cha kivulini hakioshwi hata ukiweka sabuni mara mbili.

Kwa hiyo anza na rafu tupu. Sahani zisimame kwenye meno, moja kwa kila nafasi, uso ukielekea katikati ya droo. Sahani pana za pilau ziachie jino moja wazi baina yake. Mabakuli yafudikize kwa mshazari, mdomo ukiangalia chini, ili maji yasituame kwenye kitako. Usipandanishe bakuli juu ya bakuli. Hapo ndipo utelezi wa tui unapozaliwa. Vijiko vichanganye na uma ndani ya kikapu, maana vijiko vitupu hulaliana na kuoshana migongo tu. Visu ncha chini.

Kabla ya kusukuma droo fanya mambo mawili. Zungusha ule mkono kwa kidole, mzunguko mzima. Ukigonga kijiko au mpini wowote, hapo maji yangepiga sehemu moja tu muda wote. Kisha tazama kwa usawa wa ukingo wa droo: chombo chochote kisizidi hapo. Kifuniko cha ndani hushuka chenyewe na kukandamiza mpira kwenye ukingo, na sahani iliyochomoza kwa kiasi cha unene wa kidole inatosha kukiinua na kuvujisha maji.

Sasa ugali. Wanga wa muhogo ulioiva ukikauka hugandamana na sahani, na mrusho wa maji peke yake hauubandui. Kinachoumaliza ni kimeng'enya kilichomo kwenye sabuni ya mashine, kiitwacho amilesi, ambacho hukatakata wanga. Kinataka muda, na joto la nyuzi 50 hadi 60 hivi. Programu ya haraka inakinyima vyote viwili. Kwa vyombo vya ugali na tui chagua programu ya kawaida au ile nzito, yenye nyuzi 60 au zaidi. Mafuta ya nazi hayaachii kwenye maji ya vuguvugu, hata fundi akuapie.

Kwangua mabaki kwa kijiko, lakini usisuuze chini ya bomba mpaka sahani ing'ae. Huko ni kuosha mara mbili. Kama wageni wamekula saa mbili usiku na droo haijajaa, endesha programu ya kusuuza tu, isiyotumia sabuni, ili ugali usilale ukikauka mpaka asubuhi.

Sabuni ya unga ya mashine ilituisha, nikaweka kijiko kimoja cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Povu lilitoka mpaka sakafuni. Sasa mashine inaandika F1 na pampu haisimami. Imekufa?
*Dada wa Ligula, Mtwara*

Haijakufa, dada. Kwenye DishDrawer, F1 ni taarifa kwamba maji yameingia kwenye sinia iliyo chini kabisa ya mashine, ambako kuna kitambuzi cha mafuriko. Pampu inatoa maji bila kusimama kwa makusudi, ili nyumba isifurike.

Zima umeme kwenye soketi, siyo kwenye kitufe cha mashine. Funga koki ya maji. Vuta droo, chota povu kwa kikombe, na ufyonze maji ya kwenye sinia kwa sponji au tambara mpaka pakauke kabisa. Sehemu ya chini kabisa ikibaki na unyevu, F1 itarudi. Iache droo wazi saa kadhaa, kisha washa.

Povu lililosalia ndani ya beseni halitolewi kwa kuongeza maji ya moto, yanalichochea. Mimina nusu kikombe cha siki iliyochanganywa na maji baridi, kisha endesha programu ya kusuuza bila vyombo. Rudia mpaka maji yatoke bila povu. Kijiko cha chai cha mafuta ya kupikia nacho hulivunja povu, ingawa siki inaacha uchafu mdogo zaidi.

Sababu ya mkasa ni kwamba mkono unarusha maji kwa nguvu ndani ya chombo kilichofungwa, na sabuni ya mkono imetengenezwa itoe povu. Povu linapita kwenye mpira wa kifuniko, na zaidi ya hapo linaijaza pampu hewa, kwa hiyo vyombo navyo haviogi. Omo na sabuni nyingine za kufulia ni yaleyale. Sabuni ya mashine ikikosekana, osha kwa mkono siku hiyo.

Ukishaipata, pima. Droo hutumia maji machache, karibu lita 8 hadi 10 kwa mzunguko mzima, kwa hiyo kidonge kizima cha sabuni kilichopimwa kwa mashine kubwa mara nyingi ni kingi mno. Unga ni bora kwa sababu unapimika: anza na gramu 10, yaani vijiko viwili vya chai visivyojaa sana, na ufike 20 kwa maji magumu na vyombo vya mafuta. Utaongeza au kupunguza kwa kutazama glasi.

Jambo moja la pwani: unga huu una kemikali ya kung'arisha, sodiamu pakaboneti, ambayo unyevu wa hewa unaiua. Ukiona umeshikana mabonge, nguvu yake imeshapungua. Uhamishie kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko cha kusokota, usiuweke karibu na jiko, na ununue pakiti ndogo badala ya ndoo.

Glasi zetu zina ukungu. Maji ni ya kisima, nyumba iko karibu na bahari. Mashine ina sehemu ya kuwekea chumvi. Naweza kutumia chumvi ya mashamba ya huku kwetu?
*Msomaji wa Mikindani*

Chukua glasi moja, dondoshea siki, ngoja dakika tano, ifute. Ukungu ukitoka, ni chokaa ya maji magumu, na dawa ipo. Usipotoka, kioo chenyewe kimeliwa na sabuni iliyozidi, na hakirudi. Wengi hukosea hapa: wanaona ukungu wa aina ya pili, wanaongeza sabuni, wanazidi kukila kioo.

Kwa chokaa, jaza dawa ya kung'arisha glasi (rinse aid) kwenye kitundu chake na upandishe kipimo hatua moja. Mara moja kwa mwezi endesha droo tupu, programu ya moto, ukiwa umetia gramu 50 hivi za unga wa asidi ya sitriki ndani ya beseni. Usitie sabuni siku hiyo, maana asidi na sabuni huuana.

Chumvi ya mashamba, hapana. Ile ya majaruba ya bahari kutoka Lindi mpaka Mtwara ni nzuri kwa samaki, lakini ina mchanga mdogo pamoja na magnesiamu na kalsiamu, ambavyo ndivyo hasa kilainisha maji, kifaa kinachotumia chumvi hiyo, kimewekwa kuviondoa. Chumvi ya mezani yenye madini joto nayo haifai kwa sababu ya viungo vya kuzuia isigande. Inatakiwa chumvi safi ya chenga kubwa iliyoandikwa kuwa ni ya mashine za kuosha vyombo. Na kumbuka kusuuza droo mara tu baada ya kujaza. Chumvi iliyomwagika ikilala ndani ya beseni huacha vitobo vya kutu kwenye sehemu za chuma cha pua.

Kuna tatizo kubwa kuliko ukungu. Kisima cha karibu na bahari huweza kuingiwa na maji ya chumvi, hasa kikivutwa sana wakati wa kiangazi. Kilainisha maji cha kwenye mashine hubadilishana kalsiamu na magnesiamu kwa sodiamu. Chumvi yenyewe hakiiondoi. Ukiyaonja maji yako ukasikia chumvi ulimini, usiyapitishe kwenye mashine, kwani kloridi hula hita, skrubu na chuma cha pua. Maji ya mvua ya kwenye bati, yakivunwa kwenye simtanki Desemba hadi Aprili baada ya mvua ya kwanza kuosha paa, ni laini sana. Kwa maji hayo shusha sabuni mpaka gramu 10 au chini kidogo, la sivyo utarudi kwenye ukungu ule usiotoka.

Mashine inaanza, inanung'unika dakika chache, inasimama na kudai hakuna maji. Maji yapo, bomba la jikoni linatoka.
*Kaka wa Mtanda, Lindi*

Linatoka kwa kasi gani, ndilo swali. Kwenye DishDrawer alama huwa U1 au A1 kulingana na toleo, na maana yake ni kwamba maji hayakufika kiasi kinachotakiwa kwa muda uliopangwa.

Matoleo mengi hutaka presha isiyopungua bar 0.3, yenye kilainisha maji hutaka zaidi, soma kijitabu. Kila mita moja ya kimo cha maji hutoa bar 0.1. Basi pima kutoka usawa wa maji ya simtanki mpaka pale mpira unapofungwa kwenye mashine: ukipata mita 3, uko mpakani kabisa, na bado bomba la nusu inchi lenye viwiko vinne limekula sehemu yake. Tenki likishuka nusu, umekosa. Ndiyo maana wengine husema mashine inafanya kazi asubuhi na kugoma jioni.

Kabla ya kujenga mnara mpya, angalia vitu vya bure. Funga koki, fungua nati ya plastiki ya robo tatu inchi inayounganisha mpira, na uchungulie ndani ya mdomo wa valvu. Pana kichujio kidogo cha wavu, upana wa kidole gumba. Kivute polepole kwa koleo, kipige mswaki, kirudishe. Mchanga na vipande vya teflon ya fundi huishia hapo. Tazama pia kama mpira umebanwa nyuma ya kabati: kwenye droo mipira hukunjika na kunyooka kila unapovuta, na kitu kikidondoka nyuma, uma kwa mfano, huibana.

Kisha kinga ndoo ya lita 10 kwenye koki hiyohiyo. Ikichukua zaidi ya dakika nne kujaa, inua tenki au weka pampu ndogo yenye swichi ya presha. Sisi tungechagua pampu, ila ujue umeme ukikatika maji ya jikoni nayo yanakatika, isipokuwa umeacha njia ya pembeni yenye koki yake.

Nimeona ya mtumba inauzwa, imetoka Marekani, bei nusu. Ninunue?
*Msomaji wa Masasi*

Usinunue. Geuza bamba la maelezo: litasoma volti 120 na hezi 60 (mizunguko ya umeme kwa sekunde). Ukiichomeka kwenye volti 230, hita itavuta nguvu zaidi ya mara tatu na nusu ya kawaida yake, na bodi ya elektroniki itaungua kabla hujamaliza kusoma programu. Transfoma ya kushusha umeme hurekebisha volti tu, hezi zinabaki 50, na pampu ya kawaida isiyo na kidhibiti cha elektroniki itazunguka taratibu kwa karibu asilimia 17. Ukijumlisha transfoma ya wati 2,000, umeshalipa ile nusu uliyookoa. Ya mtumba iliyotoka Uingereza au Australia, yenye volti 230 na hezi 50, hiyo unaweza kuizungumzia. Vuta droo mara kumi dukani na usikilize kama reli zinakwaruza, kisha tazama mpira wa ukingo na ule wa kutolea maji kama una nyufa.

Na iwe mpya au kuukuu, ifungwe kwa skrubu kwenye kabati. Droo iliyojaa sahani ikivutwa mpaka mwisho huipindua mashine isiyofungwa, imwangukie mtoto.

Baada ya samaki harufu haitoki, hata tukiosha mara mbili.
*Naliendele, Mtwara*

Hamjaosha chujio. Magamba ya samaki ni mepesi na bapa. Hupita kwenye vyombo na kulala juu ya bamba la kichujio, halafu maji machafu yanashindwa kushuka, yanarushwa tena kwenye sahani.

Toa rafu. Nyanyua mkono wa maji, unatoka kwa kuuvuta juu. Chini yake kuna bamba la kichujio na chujio dogo la kutolea maji. Toa vyote, osha kwa mswaki laini na maji ya bomba, mbele na nyuma. Tingisha mkono wa maji: ukisikia kitu kinacheza ndani, ni punje au kipande cha mfupa, kitoe kwa kijiti cha meno kupitia kwenye tundu. Wakati vyote viko nje, pangusa kwa tambara la siki upande wa chini wa mpira wa kifuniko. Hapo hujificha utelezi wa kijivu, na nusu ya harufu inatoka pale. Rudisha bamba mpaka likae sawa pande zote. Likiinuka hata kidogo, mabaki yanapita na kwenda kuziba pampu. Kwa nyumba inayopika samaki kila siku, fanya hivi mara mbili kwa wiki.

Harufu ikirudi asubuhi huku chujio ni safi, mpira wa kutolea maji haukupandishwa. Unatakiwa upande mpaka karibu na chini ya meza ya jikoni kabla ya kushuka kwenye bomba la sinki, vinginevyo maji ya sinki yanarudi ndani ya droo usiku.

Inakula uniti ngapi za LUKU?
*Newala*

Droo moja, programu ya kawaida, uniti 0.6 hadi 0.9, sehemu kubwa ni kupasha maji. Kwa bei ya takriban Sh356 kwa uniti pamoja na kodi, mzunguko wa uniti 0.8 ni kama Sh285, na ukiosha mara moja kila siku ni uniti 24 kwa mwezi, karibu Sh8,550. Aliye kwenye kundi la matumizi madogo, lile la uniti 75 kwa mwezi, apige hesabu kwanza: droo hii itakula karibu theluthi ya uniti hizo.

Kuhusu maji hatutakudanganya. Anayeosha chini ya bomba linalotiririka ataokoa mengi. Anayeosha kwa mabeseni mawili, kama nyumba nyingi za huku, haokoi kitu cha maana; anachonunua ni muda.

Sufuria zangu zimekuwa nyeusi!
*Nachingwea*

Ni za alumini. Sabuni ya mashine ina ukali wa kialkali unaoichubua na kuififiza alumini, na weusi huo huweza kuchafua hata vyombo vilivyo jirani. Zisugue kwa ndimu na steel wool, zitang'aa kiasi, na kuanzia leo ziosheni kwa mkono. Ndani ya droo weka sufuria za chuma cha pua tu. Miiko, mbuzi ya nazi, vijiko vya mpingo na chochote chenye mpini wa mbao kikae nje, kadhalika chupa ya chai na bakuli la enameli lililobanduka.

Vyombo vya plastiki vinatoka vimelowa, na nimeona mende wakiingia mbele kwenye vitufe.
*Kilwa Masoko*

Plastiki haishiki joto, kwa hiyo maji hayakauki juu yake, na kwa unyevu wa pwani wakati wa masika usitarajie zaidi. Programu ikiisha, vuta droo kiasi cha upana wa kiganja, iache nusu saa, kisha pangusa plastiki kwa kitambaa. Kama mashine yako ina droo mbili, ziachie kazi kwa zamu: toa vyombo safi kwenye ya juu moja kwa moja mpaka mezani huku vichafu vikiingia ya chini. Kabati utaliacha kwa ajili ya wageni.

Mende ni jambo la haraka zaidi. Wanafuata joto na unyevu wa bodi, na vinyesi vyao hushikanisha nyaya. Usipulize dawa ya kopo kwenye vitufe. Majimaji yake yataingia mlemle. Chomoa umeme, weka dawa ya jeli ya mende, tone dogo dogo, kwenye pembe za kabati nyuma ya mashine na kando ya tundu la bomba, halafu ziba tundu hilo kwa silikoni. Usiache droo wazi usiku kucha.